Kazi Inasubiri Wapi? Namna ya kufupisha safari ya badiliko, toka ombi hadi kwa mtumiaji

Idara ya TEHAMA ikilalamikiwa kwamba inachelewesha mambo, karibu kila mahali dawa ya kwanza ni kununua kitu: programu mpya ya kusimamia kazi, mafunzo ya siku 2 hotelini, au wasanidi 2 wa kuongeza nguvu. Miezi 3 ikipita, foleni ni ileile, kwa sababu hakuna aliyepima kazi inasubiri wapi. Kwenye shirika linalojitengenezea mifumo yake, liwe chama cha akiba na mikopo, hospitali, chuo au kampuni ya usafirishaji, kuandika msimbo, yaani maandishi ya programu, huchukua sehemu ndogo sana ya safari. Kinachokula siku ni kusubiri: kujadiliwa, kukaguliwa, kupata nafasi kwenye seva ya majaribio, kufika siku ya kupandisha toleo. Kusubiri huko hakumkeri mtu yeyote ofisini, maana kila mmoja ana kazi nyingine mkononi. Anayeumia ni aliyeomba.

Maelezo yanayofuata yanaifaa timu ya watu 4 hadi 12. Tenga wiki 2 za kupima na kama miezi 3 ya kubadilisha, na ubadilishe jambo moja kwa wakati. Ukigusa mambo matano kwa mpigo hutajua lipi limesaidia na lipi limeharibu.

Pima kwanza, tena kwa karatasi

Chukua mabadiliko 10 ya mwisho yaliyowafikia watumiaji. Usichague yaliyokwenda vizuri. Yachukue kama yalivyofuatana. Kwa kila moja andika tarehe 6: lilipoombwa, msanidi alipolianza, alipolimaliza na kuomba ukaguzi, lilipounganishwa kwenye tawi kuu (nakala rasmi ya msimbo), lilipothibitishwa kwenye seva ya majaribio, na lilipoanza kutumika. Tarehe za katikati zimo kwenye Git, programu inayotunza historia ya msimbo. Amri `git log --merges --first-parent --format='%h %cI %s' main` inakupa kila uunganishaji na saa yake; kama timu yenu hubana rekodi zote kuwa moja wakati wa kuunganisha, ondoa `--merges`. Tarehe ya ombi mara nyingi iko kwenye barua pepe au kundi la WhatsApp la idara. Ichimbue huko huko, maana ndiko kazi nyingi zinakozaliwa, hata kama kwenye mfumo wa tiketi zinaonekana zimeanza wiki 2 baadaye.

Tuseme mhasibu ameomba risiti ionyeshe jina la karani aliyepokea fedha. Ombi linakaa siku 9 hadi kikao kilipokee. Msanidi analiandika kwa saa 5. Linamsubiri mkaguzi siku 6, na ukaguzi wenyewe unamalizika kwa dakika 20. Siku 4 seva ya majaribio imeshikwa na kazi nyingine. Siku 12 za mwisho linasubiri toleo la mwisho wa mwezi. Jumla ni siku 31, na jasho lililomwagika halifikii siku moja ya kazi. Msanidi huyo akiongezewa kasi mara mbili, mhasibu ataokoa saa 2 na nusu kati ya siku 31. Ukaguzi ukifanyika siku hiyo hiyo na toleo likapanda kila wiki, ataokoa kama wiki 2, bila mtu yeyote kuongeza kasi ya kuandika.

Ukishapata siku za mabadiliko yote 10, zipange kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha chukua wastani wa ya 5 na ya 6. Hiyo ndiyo namba ya katikati. Wastani wa zote utakudanganya, kwa kuwa ombi moja lililosahaulika siku 200 linazivuta namba zote juu. Tazama pia ya 9 kwenye mpangilio huo, kwani watumiaji hukumbuka kazi zilizochelewa mno kuliko zile za kawaida.

Kisha ongeza namba 3: mnapandisha matoleo mangapi kwa mwezi, mangapi kati ya hayo yalilazimisha marekebisho ya dharura au kurudi nyuma, na mfumo ukianguka unachukua muda gani kusimama tena. Hivi ni vipimo vilivyoenezwa na DORA, kundi la watafiti wa utendaji wa timu za programu ambao sasa wako chini ya Google, isipokuwa wao huanza kuhesabu safari pale msimbo unapoingizwa kwenye Git. Kwa mfumo wa ndani ya shirika ni haki kuanza na ombi, kwa sababu aliyeomba anahesabu kuanzia siku aliyoomba.

Namba hizi zitumike kuutazama mwendo wa kazi, kamwe zisitumike kumpima mtu. Siku meneja atakapouliza kikaoni “nani ana kazi nyingi zilizochelewa?”, watu wataanza kuziandika kazi kwenye mfumo siku wanapozimaliza. Namba zitapendeza na foleni itabaki palepale. Onyo hili litolewe kabla ya kupima, na litolewe na mkuu wa idara kwa mdomo wake.

Funga mlango wa kazi mpya

Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni nyepesi ya foleni: wastani wa vitu vilivyo ndani ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Kwa foleni iliyotulia, inayoingiza kadiri inavyotoa, maana yake ni hii: kama mna kazi 24 zilizoanzwa na mnamaliza 4 kwa wiki, kila kazi itakaa ndani wiki 6 kwa wastani. Mkibaki na kazi 12 kwa kasi ileile, kila moja itakaa wiki 3. Hakuna aliyeongeza bidii. Mmeacha tu kuanza vitu msivyovimaliza. Na kwa kweli kasi nayo hupanda kidogo, kwa sababu kuruka kutoka kazi hii kwenda ile kunamlazimu msanidi kila mara ajikumbushe alikuwa wapi.

Chora ubao wenye safu 5, kila kazi ikiwa na kadi yake: imeombwa, inaandikwa, ukaguzi, majaribio, imepanda. Kwa wasanidi 5, “inaandikwa” isizidi kadi 5, “ukaguzi” isizidi 3, na “majaribio” isizidi 3. Safu ikijaa, hakuna kusukuma kadi nyingine ndani. Aliyemaliza yake haanzi mpya. Anakwenda upande wa kulia wa ubao kusaidia kinachokaribia mlango wa kutokea: kukagua, kujaribu, kuandika maelezo kwa watumiaji. Hapa ndipo pagumu. Wiki ya kwanza msanidi hujiona anazurura, na meneja anayepita humwona vivyo hivyo. Vumilieni hadi wiki ya 3, kadi zilizoganda zianze kutoka.

Maombi ya pembeni ndiyo huvunja utaratibu huu: mkurugenzi anapiga simu, mhasibu anakuja kusimama kando ya meza. Huwezi kuwazuia, wala si busara kujaribu. Weka mtu wa zamu kila wiki, mmoja tu, ambaye maombi yote ya aina hiyo yanapelekwa kwake. Wiki hiyo hapewi kadi kubwa. Wengine wote wana jibu moja la heshima: “Mheshimiwa, wiki hii yuko fulani, nakupeleka kwake sasa hivi.” Kwa dharura halisi acha njia ya pembeni ubaoni yenye nafasi ya kadi 1. Ikijaa, dharura ya pili inangoja, au aliyeileta akubaliane na wa kwanza nani atangulie.

Kata kazi vipande

Kadi isiyomalizika ndani ya siku 2 ikatwe. Badiliko linalopelekwa kukaguliwa lisizidi mistari 200 hadi 300; `git diff --shortstat main...jina-la-tawi` itakuambia uko wapi. Hicho ndicho kiasi mtu anachoweza kukisoma kwa makini akiwa mbele ya kioo. Mpelekee mwenzako mistari 1,500 naye atateremka haraka hadi chini na kuandika “iko sawa”.

Ukataji wenye maana hufuata njia ya mtumiaji. Chukua chama cha akiba na mikopo kinachotaka wadhamini waidhinishe mkopo kwa simu. Kosa lililozoeleka ni kukata kwa tabaka: wiki ya kwanza hifadhidata yote, ya pili seva yote, ya tatu kurasa zote. Hadi wiki ya tatu hakuna kinachoweza kujaribiwa, na makosa ya wiki ya kwanza yanajulikana siku ya mwisho. Kata hivi badala yake. Kwanza, mkopo mmoja, mdhamini mmoja, karani akiingiza idhini kwa mkono. Pili, mdhamini anapata ujumbe mfupi lakini jibu bado linaingizwa na karani. Tatu, jibu la mdhamini linajiingiza lenyewe. Nne, wadhamini zaidi ya mmoja. Tano, mdhamini akikataa au akinyamaza siku 3. Kila kipande kinapanda chenyewe, na kipande cha kwanza pekee kitakufundisha mambo kuhusu masharti ya mikopo ambayo hayakuandikwa popote kwenye waraka wa mahitaji.

Kipande kisichopaswa kuonekana kwa wote kifichwe nyuma ya swichi: thamani kwenye mipangilio inayowasha au kuzima sehemu hiyo bila kupandisha toleo jipya. Kila swichi iandikwe jina la mwenye nayo na tarehe ya kuiondoa, isizidi siku 60. Jina la swichi iliyokufa lisitumike tena kwa kazi nyingine. Sababu ya kusisitiza hilo iko mbele kidogo.

Tazama pia matawi yaliyozeeka: `git branch -r --sort=committerdate` huyaorodhesha kuanzia la zamani zaidi. Tawi lililokaa zaidi ya siku 5 bila kuunganishwa tayari ni deni, kwani kila siku tawi kuu linasogea mbali nalo na mgongano wa kuunganisha unakua.

Ukaguzi wa msimbo

Katika timu nyingi hapa ndipo siku zinapopotelea, na ndipo pa kuanzia kama vipimo vyako havijakuonyesha pengine. Kubalianeni kwamba ombi la ukaguzi linajibiwa ndani ya saa 4 za kazi. Ili litekelezeke, wekeni nyakati 2 za kukagua kila siku: saa 3 asubuhi, kabla mtu hajafungua kazi yake mwenyewe, na saa 8 mchana baada ya chakula. Mkaguzi 1 anatosha kwa mabadiliko mengi. Wawili wanahitajika pale tu badiliko linapogusa fedha, ruhusa za kuingia, au taarifa za wagonjwa.

Mkaguzi asianze juu kwenda chini. Aanze na majaribio, ili ajue mwandishi alidhani mfumo unatakiwa kufanya nini. Kisha badiliko la hifadhidata, kwa kuwa ndilo gumu kulirudisha. Kisha mahali fedha zinapohama au ruhusa inapotolewa. Mengine baadaye. Nafasi, mabano na mpangilio wa mistari viachiwe programu ya kupanga msimbo inayojiendesha yenyewe kabla ya kuunganisha. Binadamu wawili wasibishane juu ya jambo ambalo kompyuta inalimaliza kwa sekunde. Kila maoni yaanze na neno “lazima” au “pendekezo”. Bila alama hiyo mwandishi hajui kama anazuiwa au anashauriwa, na kazi inalala usiku mmoja zaidi akisubiri kuuliza.

Kuna jambo la mila za ofisi zetu ambalo miongozo ya nje hailigusi. Kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita anapewa kukagua msimbo wa mtu anayemwamkia shikamoo kila asubuhi. Ataona kosa, atanyamaza. Kumwambia “kuwa jasiri” hakumsaidii. Kinachosaidia ni mkubwa kuanza yeye: anapoomba ukaguzi aandike, “Nionyesheni mahali pawili ambapo hii inaweza kuvunjika.” Sasa kutaja kosa ni kutii ombi la mkubwa, na heshima haijaguswa. Kijana naye afundishwe kuuliza kwa mfano: “Kaka, mwanachama mwenye salio 0 akibonyeza hapa, itakuwaje?” Swali lenye mfano hufichua kosa bila kumtia mtu aibu, na mwandishi mwenyewe atalisahihisha kabla hajaombwa.

Majaribio yanayojiendesha

Programu ya kuendesha majaribio iwe Jenkins, GitLab au GitHub Actions, yoyote inatosha. Usipoteze mwezi ukilinganisha. La muhimu ni kila badiliko lijaribiwe lenyewe kabla ya kuunganishwa, na majibu yarudi ndani ya dakika 10. Yakizidi hapo watu huanza kazi nyingine wakisubiri, na ubao unajaa tena.

Kama hamna majaribio kabisa, msianze na lengo la asilimia ya msimbo unaojaribiwa. Andikeni majaribio 20 ya mambo yanayoweza kuwaamsha usiku. Kwa mfumo unaopokea malipo ya simu, orodha inaanza hivi: taarifa ya malipo ileile ikija mara 2, salio liongezeke mara 1 tu. Namba ya simu ya tarakimu 10 inayoanza na 0 na ile ya tarakimu 12 inayoanza na 255 zitambulike kuwa mtu mmoja. Malipo yaliyokuja na kumbukumbu namba isiyojulikana yahifadhiwe mahali yanapoonekana, yasimezwe. Mtandao ukikatika baada ya fedha kutoka na kabla ya jibu kufika, mfumo uulize hali ya muamala badala ya kutuma upya. Kila hitilafu mpya inayofika kwa watumiaji iongeze jaribio 1 kabla ya kurekebishwa. Kwa mwendo huo mkusanyiko unakua pale hasa mfumo unapovunjika.

Jaribio linalopita leo na kushindwa kesho bila sababu litolewe kwenye njia siku hiyo hiyo, na lirekebishwe au lifutwe ndani ya wiki. Likiachwa, watu huzoea kubonyeza “rudia” hadi liwe la kijani, na siku litakaposhindwa kwa haki hakuna atakayeliamini. Mara nyingi chanzo ni saa au tarehe: jaribio linatumia “leo” halisi badala ya tarehe iliyowekwa, kwa hiyo linavunjika usiku wa manane au tarehe 31.

Maktaba za nje, yaani msimbo wa wengine ambao mfumo wenu unautegemea, zihifadhiwe kwenye seva ya ndani. Kuzipakua upya kila mara kunakula bando na kusimamisha kazi mtandao unapoyumba.

Kupandisha toleo

Toleo la mara moja kwa mwezi linaonekana salama kwa sababu hatari inakuja mara 1 tu. Lakini linabeba mabadiliko 40 kwa pamoja, na likivunjika hujui ni lipi kati ya 40. Git ina msaada: `git bisect start`, kisha `git bisect bad`, kisha `git bisect good` pamoja na jina la toleo lililokuwa zima. Inakata katikati kila mara, kwa hiyo mabadiliko 40 yanahitaji majaribio 5 au 6. Ni haraka, ila bado ni saa nzima watumiaji wakiwa wamekwama. Toleo lenye mabadiliko 3 linakuambia mkosaji kabla hujafungua kompyuta.

Shukeni taratibu: kutoka kila mwezi hadi kila wiki 2, kaeni hapo matoleo 3, kisha kila wiki. Pandisheni Jumanne hadi Alhamisi saa 4 asubuhi, wote mkiwepo na watumiaji wakiwa kazini kuwaambia kinachokwenda kombo. Epukeni Ijumaa jioni, na epukeni siku za mishahara, tuseme kati ya tarehe 24 na tarehe 3. Kinachopandishwa kiwe faili ileile iliyojaribiwa, isijengwe upya kwenye seva. Hatua zote ziwe kwenye skripti 1, yaani faili la amri ambazo kompyuta inazitekeleza yenyewe. Hatua inayotegemea mtu kukumbuka itasahauliwa siku moja.

Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya udalali wa hisa ya Knight Capital, Marekani, ilipoteza zaidi ya dola milioni 440 ndani ya dakika kama 45. Msimbo mpya ulikuwa umewekwa kwa mkono kwenye seva 7 kati ya 8. Ya 8 ilisahauliwa, na hakukuwa na utaratibu wa maandishi wa mtu wa pili kuthibitisha. Msimbo mpya ulitumia tena swichi ya zamani, ambayo kwenye seva ile ya 8 bado iliamsha kazi iliyoachwa kutumika tangu 2003. Asubuhi ile, kabla soko halijafunguliwa, mfumo ulituma barua pepe 97 za onyo kwa wafanyakazi na hazikufanyiwa kazi. Na katika kuhangaika, wakauondoa msimbo mpya kwenye seva 7 zilizokuwa sawa, hasara ikaongezeka, maana sasa swichi iliamsha kazi ile ya zamani kwenye seva zote.

Kwa hiyo mwisho wa skripti yenu uwe ni kuiuliza kila seva toleo lake, na kusimama na kupiga kelele kama hata 1 inatofautiana. Maonyo yaende kwa mtu wa zamu, kwa simu, wala si kwenye sanduku la barua la kikundi. Na kurudi nyuma kufanyiwe mazoezi kwenye seva ya majaribio kila mwezi, mkipima dakika, ili siku ya dharura pasiwe na anayebuni.

Mahali penye kamati ya mabadiliko inayokaa kila wiki 2, msipigane nayo. Taratibu za ITIL, mwongozo wa kusimamia huduma za TEHAMA ambao benki na taasisi nyingi za serikali hufuata, zinatambua badiliko la kawaida lililoidhinishwa tangu awali (standard change). Wapelekeeni kamati ombi 1: mabadiliko yasiyogusa muundo wa hifadhidata, yaliyokaguliwa na mtu wa pili, yaliyopita majaribio yote na yanayoweza kurudishwa ndani ya dakika 10, yaidhinishwe kama aina. Ambatanisheni matoleo 10 ya mwisho na matokeo yake. Kamati ibaki na muda wa kujadili yale makubwa, kazi iliyoundiwa.

Hifadhidata haina kurudi nyuma

Msimbo unarudishwa kwa dakika. Safu iliyofutwa inarudi kutoka kwenye nakala rudufu, pamoja na kupoteza yote yaliyoingia baadaye. Kwa sababu hiyo badiliko la hifadhidata huvunjwa katika matoleo kadhaa, kila moja likiweza kuishi na msimbo wa zamani na mpya pamoja.

Tuseme safu `simu` kwenye jedwali la wanachama inatakiwa iitwe `namba_simu`. Kuibadilisha jina moja kwa moja kutaangusha kila seva ambayo bado inaendesha msimbo wa zamani. Toleo la 1: ongeza safu mpya ikiwa tupu. Toleo la 2: msimbo uandike safu zote mbili, usome ya zamani. Kisha nakili data ya nyuma kwa mafungu ya rekodi 5,000, ukipumzika sekunde chache kati ya fungu na fungu, mchana watu wakiendelea kufanya kazi. Linganisha: idadi ya rekodi zinazotofautiana iwe 0. Toleo la 3: soma safu mpya, endelea kuandika zote. Subiri wiki 2. Toleo la 4: acha kuandika ya zamani. Toleo la 5: ifute. Ni safari ndefu kwa jina la safu moja, na mara nyingine ukiihesabu utaona heri jina la zamani libaki.

Kwenye PostgreSQL, mojawapo ya programu za hifadhidata, kuna mtego unaoangusha mifumo mizima mwisho wa mwezi. Amri ya `ALTER TABLE`, inayobadilisha muundo wa jedwali, mara nyingi huhitaji kufuli la jedwali zima, hata kama ni kwa muda mfupi. Kama mhasibu anaendesha ripoti ya dakika 20 kwenye jedwali hilo, amri yako inasubiri ripoti iishe, na maombi mengine yote, hata ya kusoma tu, yanapanga foleni nyuma ya amri yako. Watumiaji wanaona mfumo umegoma. Tanguliza `SET lock_timeout = '3s'`: amri ikishindwa kupata kufuli ndani ya sekunde 3 inajitoa, nawe unajaribu tena baadaye. Faharasa kwenye jedwali kubwa iundwe kwa `CREATE INDEX CONCURRENTLY`, ambayo haizuii watu kuandika. Haifanyi kazi ndani ya muamala wa hifadhidata (amri kadhaa zinazotekelezwa kama moja), kwa hiyo iwe na faili lake peke yake.

Mfumo ulioandikwa na mzabuni

Kama msimbo uko kwa mzabuni, mengi ya hapo juu hayawezekani hadi mkataba uruhusu. Kwenye mkataba unaofuata ingizeni mambo 3: msimbo uhifadhiwe kwenye akaunti ya Git ya shirika tangu siku ya kwanza, mfumo uweze kujengwa kutoka kwenye msimbo huo na mtu wa shirika bila mzabuni kuwepo, na malipo ya kila awamu yafuate jambo hilo kufanyika mbele ya macho yenu. Nakala ya msimbo inayokabidhiwa kwenye diski mwishoni mwa mradi mara nyingi haijengeki, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuijaribu.

Kuandika hitilafu

Mfumo ukianguka na kusimama, kaeni ndani ya siku 2 kwa dakika 45, kabla kumbukumbu hazijachuja. Andikeni mfuatano wa matukio kwanza, sababu baadaye. Mkianza na sababu kila mtu atakumbuka kinachomlinda. Majina ya watu yasiingie. Aandikwe “msanidi wa zamu”, na swali liwe ni kitu gani kiliruhusu hatua ile kupita. Mtoke na kazi 2, zisizidi 3, zenye kadi ubaoni na tarehe. Orodha ya mapendekezo 15 haifanywi na yeyote.

Kwenye mfuatano huo angalieni saa kwa makini. Rekodi za matukio za seva nyingi ziko katika UTC (saa ya rejea ya dunia), saa ya ukutani Afrika Mashariki iko saa 3 mbele, na midomo yetu inahesabu kuanzia mapambazuko. Tukio moja linaandikwa 06:00 na seva, 09:00 na simu ya mkononi, na karani anasema “ilikuwa saa tatu”. Zikichanganywa, toleo lililopandishwa baada ya hitilafu litaonekana limeitangulia, na mtabadilisha kitu kisicho na kosa. Andikeni zote kwa mtindo wa saa 24 za Afrika Mashariki, UTC kwenye safu ya pembeni, na karani akitaja saa muulizeni palepale ni ya simu au ya Kiswahili.